Ngurumo za Masolwa Zirudishwe Zilikotoka

Yahaya Abbasi,
Mwandishi wa Barua za Watu,
Baraza la Posta,
Tabora.

Tarehe 3 Machi, 1975.

Meneja,
Kampuni ya Santuri ya Kipepeo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUIONDOA GONGONI SAHANI IITWAYO "MIFUPA YA NJIANI"

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na wa masikio. Sisi huku afya tunayo. Masikio ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mtu wa adabu. Kwa miaka kumi na sita nimekaa kwenye baraza la posta, meza yangu upande wa kivuli, nikiwaandikia barua wasiojua kuandika, na wanaojua lakini wanaona haya. Nimeandika posa, talaka, rambirambi, maombi ya kazi na maombi ya msamaha. Malalamiko ya kwangu mwenyewe sijawahi kuyaandika. Haya ni ya kwanza, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko ukiyumba.

Mwaka 1963 kampuni yenu ilitoa sahani ya santuri ya bwana mmoja wa huku kwetu, jina lake Masolwa. Alikuwa mnyapara wa genge la reli, na kwa kuwapigia watu kelele juani miaka mingi alipata koo la simba mwenye mafua. Sahani ile haikupata mnunuzi. Masolwa akaacha muziki, akaenda kulima tumbaku katika kijiji cha ujamaa huko Urambo, na sisi tukaendelea na uhuru wetu kwa utulivu. Sasa mwaka jana, kwa sababu mnazozijua wenyewe, mmeipiga chapa upya, mkaivika jalada jeusi tii, mkaipakia kwenye treni ya bara.

Kwa faida ya makarani wenu ambao huenda hawajaisikiliza, naieleza. Gitaa linalia kama msumeno unaokata chuma. Ngoma zinakwenda mbio kama mvua ya mawe juu ya bati. Katikati yake Masolwa haimbi, ananguruma, na ngurumo zile ni sauti za wapagazi wa zamani waliokufa kati ya hapa na pwani, na pembe za ndovu mabegani, wakaachwa kando ya njia bila kuzikwa. Kila wimbo ni mpagazi mmoja. Wa kwanza anataka maji. Wa pili anamtafuta aliyemvua viatu. Wa tatu hataki kitu, anauliza tu, "Nani atamwambia mama?" Anauliza mara arobaini. Nimehesabu kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia.

Mbele ya jalada hakuna picha. Kuna maandishi meupe yaliyochongoka kama miiba ya mgunga, ambayo hata mimi, ninayesoma miandiko ya madaktari, nimeshindwa kuyasoma. Upande wa nyuma wamesimama pichani wanaume watatu waliojipaka majivu na unga usoni, kama watu waliosonga ugali gizani. Hakuna hata mmoja anayecheka.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mkabala na nyumba yangu, hapa mtaa wa Gongoni, ipo hoteli ya chai ya Bi Mwamvita, mwanamke mwema, mwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sahani hiyo aliletewa na mfanyakazi wa treni, naye akidhani ni taarabu akaiweka Jumamosi moja saa nne asubuhi, hoteli imejaa watu wanaokula maandazi. Vikombe vilitikisika. Mimi nilisimama dirishani kwangu nikingoja wateja watoke mbio, nipate kucheka kidogo. Hawakutoka. Ilipokwisha, fundi baiskeli mmoja aliyekuwa kwenye kona alifuta mdomo akasema, "Mwamvita, hebu irudishe mwanzo." Wangalikimbia siku ile, Ndugu Meneja, barua hii isingalikuwapo.

2. Ninaye mama mkwe, Bi Kuluthumu binti Mabruki, aliyehamia kwangu kutoka Kigwa baada ya kumaliza eda ya marehemu mumewe. Kwa miezi saba alikaa uani akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Maneno yake kwa siku yalikuwa mawili: "marahaba" asubuhi na "nimeshiba" jioni, hali hajagusa kitu. Mke wangu Batuli alikuwa akimpikia na kumpakulia, kisha anaondoa chakula vile vile kilivyokuwa. Ilikuwa huzuni, nakubali. Lakini ilikuwa huzuni yenye heshima zake.

Jumamosi hiyo Masolwa alipoanza mara ya pili, Bi Kuluthumu aliweka ungo chini, akavuka barabara pekupeku. Nilimfuata na kandambili zake mkononi. Alikaa mbele ya gramafoni kama anayeota moto. Wimbo wa tatu ulipofika, alifumbua kinywa naye akanguruma.

Ndugu Meneja, sijui watu wa pwani mnaishije na wakwe zenu. Katika Unyamwezi mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Simtazami machoni, naye hanitaji jina ovyo. Mimi nimemsikia akinguruma kutoka tumboni, mbele ya mafundi baiskeli! Niliweka kandambili mlangoni nikageukia ukuta, nikausoma ukuta wote. Mwisho nikasikia akisema, "Mwamvita, nipe chai. Na andazi. Lete mawili."

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Katikati ya barabara akasema bila kugeuka, "Baba, hawa wanasema kweli."

Nikamwuliza, "Akina nani, mama?"

"Hawa wa njiani. Babu yangu aliondoka na mzigo kwenda Bagamoyo. Bibi alimwekea chakula chake kila jioni mpaka naye akafa. Hatukuwahi kuambiwa kitu."

Batuli aliposikia kwamba mama yake amekula maandazi mawili alilia, akaenda kumshukuru Mwamvita. Mke wangu anaiita sahani yenu dawa. Mimi naiita utovu wa adabu, na naomba iandikwe hivyo katika faili.

3. Imeharibu kazi yangu. Mlio wake hauishi masikioni hata nikifika posta. Mwezi wa Desemba alinijia kijana wa Sikonge aitwaye Ngollo, mpole, mfuga nyuki, akitaka barua ya posa. Nilianza vizuri, kwa salamu na sifa za binti. Kisha kalamu ikateleza, nikaandika: "Nikikukosa, mifupa yangu italala kando ya njia na fisi wataniita kwa jina." Ngollo hajui kusoma. Nami sikuligundua kosa hadi barua imekwisha kutiwa sandukuni.

Nilikaa wiki mbili nikingoja kupigwa. Badala yake baba wa binti alijibu kwamba katika maisha yake amepokea barua tisa za posa, zote zikimfananisha binti yake na ua, na hii ndiyo ya kwanza iliyoandikwa na mwanamume anayemaanisha. Harusi ilifanyika Januari. Sasa vijana wananipangia foleni, na wote wanataka "ile yenye mifupa." Nina sentensi nzuri ya kumfananisha binti na mwezi wa kumi na nne, niliyoitunga mwenyewe mwaka 1961. Hakuna anayeiulizia.

4. Imevuruga elimu ya watu wazima. Bi Kuluthumu, aliyekataa kisomo miaka yote kwa kusema macho yake ni ya kuangalia chungu, alijiandikisha kwa hiari ili aweze kusoma jalada la sahani yenu. Mwalimu alipompa kitabu cha a, e, i, o, u, alikitazama, akakirudisha akisema, "Hizi hazina meno." Mwalimu alibishana naye siku tatu kisha akasalimu amri, akalitundika jalada ubaoni. Darasa zima la kina mama sasa linaandika kwa herufi za miiba. Juzi nimekuta mlangoni kwangu karatasi ya kutisha iliyobandikwa kwa uji. Nilimwita Batuli tukasaidiana kuisoma, na baada ya nusu saa tukaona imeandikwa: "Nimekwenda sokoni. Dagaa wako chini ya kawa."

5. Nilifuata taratibu. Nilipeleka shauri kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Tobias, mtu wa kanisa, asiyekunywa hata togwa iliyolala. Nilimweleza kwamba muziki huu haujengi taifa. Aliitisha mkutano. Nilisoma kurasa tatu nikiwa nimesimama, nikataja siasa, nikataja malezi, nikataja usikivu wa wagonjwa. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha Ndugu Tobias akakohoa, akasema:

"Ndugu Yahaya, umesema maneno mazuri. Lakini tangu Mwamvita aanze kuibeba gramafoni shambani, matuta ya viazi vya mtaa tuliyokuwa tukiyalima wiki nzima tunayamaliza kwa siku mbili. Ngoma ile ikianza, jembe linakwenda lenyewe. Ungependa nimwambie nini Katibu Kata? Kwamba tumeizuia ili tulime polepole?"

Kura ikapigwa. Mkono wa kutaka sahani iondolewe ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wangu. Hata Batuli aliunyoosha wake upande wa pili, mkono ambao bangili iliyomo nilimvisha mimi.

6. Hapa ndipo mambo yalipofika pabaya. Mnamo Januari Bi Kuluthumu alinijia kazini, barazani posta, akapanga foleni nyuma ya wateja wengine, na zamu yake ilipofika akaniambia nimwandikie barua Masolwa. Ningeweza kumkatalia mama mkwe nyumbani, kwa kuzunguka zunguka. Lakini mezani kwangu sijawahi kumrudisha mteja. Nikachovya kalamu.

Akasema, "Andika: Masolwa, nimesikia. Kuluthumu."

Nikangoja. Nikamwuliza, "Tuongeze salamu, mama? Hali ya mvua? Matumaini ya afya njema?"

"Ya nini? Mimi nimekwambia nimesikia."

Jibu lilikuja baada ya siku kumi kutoka Urambo, limeandikwa na mwandishi mwenzangu wa huko ambaye herufi zake za "g" zinafanana na mende aliyekanyagwa. Lilisema: "Kuluthumu, umesikia ngurumo ya ngapi?" Nikamsomea. Akaniambia niandike, "Ya tatu." Nikaandika. Jibu: "Hiyo ndiyo niliyotaka isikiwe." Nikamsomea hilo nalo, na aliondoka bila kuniaga, ameshika ncha ya kanga mdomoni.

Zimekwenda na kurudi barua kumi na moja. Zote kwa pamoja hazijazi ukurasa mmoja. Mimi, niliyewahi kuandika kurasa nne kuomba kuazimwa baiskeli, nimegeuzwa mtu wa kuandika maneno matatu na kuyapeleka sandukuni nikiwa na moyo unaodunda kana kwamba posa ni yangu. Usiku silali vizuri nikiwaza Urambo watajibu nini. Hiyo si kazi ya mkwe.

7. Wiki iliyopita ilikuja ya kumi: "Nina nyumba. Ina madirisha mawili. Njoo." Safari hii Bi Kuluthumu hakuniachia kalamu. Aliandika mwenyewe, kwa miiba, ulimi nje, muda wa robo saa: "Njoo wewe." Kaka yake wa Kigwa ameshakubali kuwa walii wa ndoa, na Masolwa, ambaye msikitini wanamwita Jumaa, amejibu kwa telegramu kwamba atashuka stesheni ya Tabora tarehe kumi na tano.

Tafakari hali yangu, Ndugu Meneja. Mtu huyo atakuwa baba mkwe wangu. Kila asubuhi nitapaswa kuinama na kusema "shikamoo," naye atajibu "marahaba" kwa sauti ile. Nina ugonjwa wa moyo katika ukoo wetu.

Kwa sababu hizo zote, naiomba kampuni yako, kwa heshima na taadhima, itekeleze haya kabla ya tarehe kumi na tano:

(a) Itume ofisa Gongoni kuichukua sahani hiyo, akiwa na barua ya utambulisho na pamba za masikio.

(b) Itoe sahani nyingine ya kimya, pande zote mbili, na kuigawa bure kwa walioathirika. Upande wa pili unaweza kuwa na kikohozi kimoja cha mbali, ili watu wajue gramafoni ni nzima.

(c) Itangaze redioni kwamba wapagazi wa zamani wamekwisha kusikika, wanashukuriwa kwa kazi yao, na sasa wapumzike.

(d) Ikiwa (a) hadi (c) haziwezekani, basi impe Masolwa kazi ya kudumu huko Dar es Salaam, yenye nyumba ya madirisha matatu, ili Bi Kuluthumu awe na sababu ya kuhama naye kwa furaha.

Nisalimie wote ofisini kwako: mpiga chapa, bibi wa simu, mlinzi wa lango, na yule fundi aliyerekodi ngurumo zile akiwa ndani ya chumba kimoja nazo, mwambie Tabora tunamwombea. Ndugu Tobias anakusalimu. Batuli anakusalimu sana, kuliko ninavyopenda. Mwamvita anauliza kama mnauza sindano za gramafoni.

Ni mimi mjenzi mwenzako wa taifa, katika pembe yenye kelele,

Yahaya Abbasi.

Nyongeza, tarehe 17 Machi:

Ndugu Meneja, barua hii imekaa mfukoni mwangu siku kumi na nne. Mtu anayeshinda barazani posta hawezi kudai kwamba alikosa stempu, kwa hiyo sitadai.

Ndoa ilifungwa jana. Masolwa alishuka kwenye treni akiwa na gitaa ndani ya gunia la tumbaku. Ni mzee mdogo wa umbo, mwembamba, anayezungumza chini chini kama aliyeingia chumba cha mgonjwa. Nilimwamkia, akaniitikia kwa sauti ambayo ilinibidi niiname kuisikia. Nilijisikia mjinga kidogo.

Baada ya pilau, jua bado liko juu, alikaa kwenye kigoda uani kwetu, Bi Kuluthumu pembeni yake amevaa kanga mpya. Watu wa Gongoni walijaa hadi barabarani. Kabla ya kupiga alisema, "Kila mtu ataje wake ambaye hakurudi. Nitamwimbia." Wakaanza kutaja mmoja mmoja. Bi Kuluthumu akamtaja babu yake. Mwamvita akamtaja dada. Ndugu Tobias, ambaye nilidhani hana siri, akamtaja mwanawe. Hatimaye wakanitazama mimi.

Ninaye ndugu. Anaitwa Nassibu. Alipanda treni mwaka 1958 kwenda kutafuta kazi pwani, na tangu siku ile hatukupata hata mstari mmoja. Nimewaandikia barua ndugu za watu wote wa mkoa huu, lakini yeye sijawahi kumwandikia, kwa kuwa sijui nitie anwani gani.

Nilifumbua kinywa nimtaje kwa adabu. Kilichotoka hakikuwa adabu. Kilitoka chini kabisa, na hakikukoma nilipotaka kikome. Batuli anasema njiwa wote waliruka paani. Masolwa hakushtuka, alinifuata na gitaa lake hadi nilipoishiwa pumzi, kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Huyu anaitwa nani, mwanangu? Rudia, nimshike vizuri."

Leo asubuhi nimekula mayai mawili.

Kwa hiyo namba 1 hadi 7 zifuteni, na (a) hadi (d) pia. Sahani ile msiiguse. Tutumieni nyingine mbili na sindano za Mwamvita. Masolwa anakuja huko mwezi wa Mei na wimbo mpya, na anaomba chumba kile kile cha kurekodia. Wimbo huo unaitwa "Nassibu." Tafadhali wekeni jina hilo mbele ya jalada, na chini yake muandike: Baraza la Posta, Tabora. Huenda mwenye jina akapita dukani.

Y. A.